Mwanangu, usikate upande wa pili

Kwako mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku Pangani hatujambo. Goti la baba yako limetulia kidogo tangu mvua zikatike, na shangazi yako anakusalimu sana. Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu kila nikianza unaniambia "mama, nipo studio", salio linakwisha na nililotaka kusema linabaki tumboni.

Hongera kwa kipindi chako cha nyimbo za kuagiza redioni. Hukuniambia wewe, niliisikia sauti yako Jumapili ikitokea jikoni kwa jirani kabla sijawasha redio yangu. Yule bwana uliyempokea alikalia kiti hicho tangu wewe hujaanza shule, na watu kuanzia Ngamiani, hapo Tanga mjini, mpaka huku kwetu wamezoea kupika chakula cha mchana wakimsikiliza. Kwa hiyo wakikununia miezi ya mwanzo, usilie. Watakuzoea, ila kuna mambo uyajue.

Naona unahangaika sana na nyimbo. Unatafuta zile ambazo hakuna aliyezisikia, unatueleza gitaa la pili limeingia vipi. Sawa, ni elimu. Lakini kipindi cha kuagiza si cha nyimbo, mwanangu. Nyimbo zenyewe tunazijua kwa moyo. Sisi tunakaa hapo kusikiliza nani kamwagizia nani.

Zamani ilikuwa kwa kadi. Redio ilikuwa moja tu ya taifa, Redio Tanzania Dar es Salaam, mpaka sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilipowaruhusu watu binafsi kufungua vituo vyao. Bibi yako alikuwa ananunua kadi za salamu dukani, anazijaza kwa kalamu ya wino, anazitia posta, halafu tunangoja hadi tunasahau. Betri zikichoka tunazianika juani juu ya bati, maana ukizima redio siku ambayo kadi yako inasomwa, utasimuliwa na majirani wewe mwenyewe ulichosema. Kadi ilikuwa na mahali pa majina, na chini yake mahali pa ujumbe. Majina yalikuwa ya heshima. Moto wote ulikuwa kwenye ujumbe.

Na hilo halikuanzia redioni. Mimi nimekulia Ngamiani, enzi ambazo harusi bila vikundi vya Black Star au Lucky Star watu wanaulizana kulikoni. Hao ndio waliotia gitaa la umeme na besi kwenye taarab, watu wachache jukwaani badala ya lile kundi kubwa la fidla la Unguja, na santuri zao zikauzwa mpaka Mombasa na Nairobi. Mwimbaji wao Shakila akifika kwenye ubeti fulani, utamwona mwanamke ananyanyuka na noti mkononi, anakwenda kutunza polepole, na macho yake hayamtazami mwimbaji hata kidogo. Anayetazamwa anajijua. Bi Shakila Mungu alimchukua mwaka 2016, lakini ile tabia ya kusimama na noti haikwenda naye. Imehamia kwenye meseji unazoletewa hapo mezani. Wimbo wa kuagizwa ni kama jina la kanga: aliyeivaa anaweza kuapa msikitini kwamba hakukukusudia wewe.

Kulikuwa na bwana mmoja wa Makorora, mkewe kakasirika karudi kwao Muheza. Bwana akaagiza wimbo wa kuomba radhi, "kwa mama watoto, popote ulipo". Ukapigwa mpaka mwisho. Jumapili ya pili ikaja meseji kutoka Muheza, haina jina, inaagiza taarab moja ambayo mwanamke yeyote wa mwambao akiisikia anajua maana yake mlango umefungwa na ufunguo umetupwa baharini. Mji mzima ukaingojea Jumapili ya tatu. Watu walifuta safari! Yule bwana hakuagiza kitu. Sisi wanawake tulicheka mpaka mbavu zikauma, lakini mtangazaji hakucheka hewani, wala hakuuliza "jamani, Muheza kuna nini?" Alisoma kama alivyoletewa, akapiga, akaenda kwenye matangazo.

Wewe Jumapili iliyopita ulicheka. Mama mmoja wa Chumbageni aliagiza wimbo kwa "jirani yangu mwenye mlango wa buluu", ukasema, "Uwiii, hapo kuna kitu!" Mwanangu, kipo. Ndiyo sababu usiseme. Ukishasema wewe, fumbo limekufa, na yule mwenye mlango wa buluu ana haki ya kwenda kugonga kwa mwenzake kuuliza.

Tena si kila ujumbe usomwe. Mke mwenza akimtaja mwenzake kwa jina na jina la mtaa, soma salamu, piga wimbo, ujumbe uache hapo mezani. Yule bwana uliyempokea alikuwa anasema tu, "Ujumbe umefika." Aliyeandika anaridhika, na aliyeandikiwa hana ushahidi wa kupeleka kwa mjumbe.

Majina yasome yote. Najua ni mengi, na najua mkubwa wako amekwambia uende haraka. Lakini mtu kaweka salio, kakaa kaandika watu wake wa Pongwe, wa Tongoni, wa Maramba, mmoja mmoja, na wewe ukifika katikati unasema "na wengine wengi". Hao wengine wengi walikuwa wamekaa karibu na redio.

Kuna mzee mmoja mjini humo anaagiza dansi kwa ajili ya mkewe karibu kila wiki. Utamjua, anaandika herufi kubwa tupu. Mkewe ni marehemu. Ulisema, "Shemeji kama unatusikia, ukae karibu na mumeo." Hakuna aliyekulaumu, ulikuwa hujui. Sasa unajua. Sema jina la mama yule na jina la wimbo, inatosha.

Na wazee wakipiga simu, shikamoo kwanza. Hilo la "mambo vipi, mtu wangu wa nguvu" kampe kijana wa kipindi cha usiku. Baba yako alizima redio, akairudisha baadaye kwa sababu ni wewe.

Sasa nyimbo, maana najua utaniambia mama anasema nyimbo si kitu. Ni kitu, hasa ukikosea. Ukimpiga Mbaraka Mwinshehe, angalia ni wimbo wa lini. Mpaka mwaka 1973 alikuwa bendi ya Morogoro Jazz, ndipo akaondoka kuanzisha yake, Super Volcano. Ukiupa wimbo wa Morogoro Jazz jina la Volcano, simu zitajaa na hutaweza kuendelea na kipindi. Vivyo hivyo NUTA. Bendi ni ileile iliyoanza 1964, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, leo ni Msondo Ngoma, lakini mzee aliyecheza NUTA hataki kusikia kwamba alicheza Msondo.

Halafu kuna hili ambalo linaniuma mimi mwenyewe. Ulipiga Simba Wanyika ukasema "kutoka kwa majirani zetu wa Kenya". Wenye bendi hiyo, Wilson Peter Kinyonga na mdogo wake George, ni watoto wa Tanga! Walianzia Jamhuri Jazz hapo hapo, kabla ya kwenda Arusha na kisha kuvuka mpaka kwenda Nairobi mwaka 1971. Kenya iliwapa jina na studio, sawa, tunashukuru. Lakini mtangazaji wa Tanga akiwagawa watoto wa Tanga kwa majirani, wa Nairobi wafanyeje? Jamhuri Jazz, Atomic Jazz, hizo zilikuwa bendi za mji huo wa Tanga, wakati mkonge una bei na mji una pesa. Vibarua walitoka kila pembe ya nchi kuja kukata mkonge, na Jumamosi ilibidi wachezee mahali. Waambie vijana wanaokusikiliza. Wengi wanadhani muziki wote ulizaliwa Dar es Salaam.

Sasa nifike kwenye upande wa pili. Santuri ndogo, ile ya mizunguko 45 kwa dakika, upande mmoja haubebi wimbo mrefu. Dakika tatu au nne hivi basi. Kwa hiyo bendi ilikuwa inaugawa wimbo. Upande wa kwanza maneno: mwimbaji analalamika, anaeleza alivyotendwa, kisha wimbo unafifia. Unanyanyuka, unageuza santuri, na upande wa pili magitaa yanachemka na hakuna anayekumbuka malalamiko tena. Mtu anayeagiza wimbo ule anaagiza vyote viwili. Wewe unapiga upande wa kwanza, unafifia, unaingiza tangazo la magodoro. Huku tumeshasimama, mwanangu, na mwiko mkononi.

Najua utasema ndivyo ulivyo kwenye flashi. Basi flashi hiyo aliyeijaza hakuwa mchezaji. Tafuta nusu ya pili. Nyingine huenda usiipate, kwa sababu nyimbo nyingi za bendi zetu zilirekodiwa studio za Redio Tanzania na tepu zikabaki maktaba yao; si zote zilizotoka kwenye santuri. Watu walizinasa kwa kaseti kutoka redioni. Ndiyo maana nyingine zinaanza na mkia wa sauti ya mtangazaji, au jogoo wa mtu anawika katikati. Hizo usizione mbovu. Piga na jogoo wake.

Kuhusu huyo mkubwa wako anayetaka kila wimbo uishie dakika tatu na katikati utie Bongo Fleva ili vijana wasihame: simlaumu, kituo kinakula kwa matangazo, na wewe unakula kwa kituo. Usigombane naye. Punguza maneno yako mwenyewe. Nilikusikiliza vizuri Jumapili ile, ukieleza hali ya hewa, ukieleza ulivyoamka, ukiwasalimu wenzako wa studio kwa majina yao ya utani. Ukiyatoa hayo, upande wa pili unapata nafasi na matangazo yanabaki yote. Akikuuliza, mwambie wenye maduka wa barabara ya kumi na mbili wanasikiliza kipindi hicho wakiwa dukani, na wao ndio wanaolipia magodoro.

Likija tangazo la msiba katikati ya kipindi, usitoke hapo ukaingia moja kwa moja kwenye chemko. Weka kitu cha taratibu kwanza, hata kama aliyeagiza chemko atakasirika. Mwezi wa Ramadhani uulize wakubwa zako mapema kipindi kitakaaje. Usingoje mpaka mwezi uandame.

Baba yako kakubali santuri za babu yako uje kuzitumia. Alisumbua, lakini kakubali. Nimezifunga kwenye lile sanduku la mbao, na kijana wa basi la asubuhi atakupigia akifika stendi. Mpe hela ya soda, asikudanganye kwamba sikumlipa. Zisimamishe kama vitabu, usizilaze moja juu ya nyingine, zitapinda. Sindano usinunue ya bei rahisi, inakwangua. Nyingi bado zina majalada. Kuna moja ya Atomic haina jalada, na kwenye ile karatasi ya katikati babu yako ameandika kwa kalamu jina la mwanamke ambaye si bibi yako. Hiyo ipige, pande zote mbili. Jina usilisome.

Wasalaam,
Mama yako