Hesabu za ndoa zisomwe pamoja na za wasio na ndoa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nitoe maoni kuhusu makala zinazochukua orodha ya ndoa zilizosajiliwa, zikaona wanawake wengi wameolewa na wanaume waliowazidi umri, kisha zikatangaza kwamba hivyo ndivyo wanawake wanavyopenda. Idadi ya ndoa huchanganya mambo mawili: anayetakwa na anayepatikana.

Tuchukue jamii inayoongezeka kwa asilimia 3 kila mwaka, ambamo huzaliwa wavulana 105 kwa kila wasichana 100, na vifo tuviweke kando. Iwapo desturi ni mwanamume kuoa mwanamke aliye mdogo kwake kwa miaka 5, kila wanaume 100 watakuwa na wanawake takriban 110 wa rika wanalolitafuta, kwa kuwa waliozaliwa baadaye ni wengi zaidi. Tofauti hiyo ikipungua hadi miaka 2, wanawake hao watakuwa 101 hivi. Katika hali ya kwanza baadhi ya wanawake watakosa wa kuwaoa, na mwandishi mwenye haraka ataandika kwamba wameikataa ndoa (lawama hii haikawii kuwaangukia wao), ilhali kilichowakwamisha ni hesabu ya marika.

Mwaka 2006 wanauchumi Eugene Choo na Aloysius Siow walitoa kipimo kinachoyatenganisha mambo hayo. Idadi ya ndoa baina ya makundi mawili hugawanywa kwa kipeuo cha pili cha zao la idadi ya wanaume na ya wanawake wa makundi hayo waliobaki bila wenzi. Ndoa 200, pakiwa pamebaki wanaume 400 na wanawake 400, hutoa 0.5, ndoa zilezile 200, pakiwa pamebaki wanaume 1,600 na wanawake 400, hutoa 0.25. Ndoa ni sawa, lakini mvuto wa kuoana umepungua kwa nusu. Hata hivyo, kipimo hiki hueleza faida ya wawili hao kwa pamoja ikilinganishwa na kukaa bila mwenzi, wala hakisemi ni nani kati yao aliyemtaka mwenzake zaidi, kwa hiyo kichwa cha habari kinachodai kujua wanawake wanapenda nini hakina msingi hata hapo.

Ombi langu ni kwamba dawati lako la habari, kila linapochapisha idadi ya ndoa kwa umri, liongeze katika jedwali safu mbili za wanaume na wanawake wa umri huohuo wasio katika ndoa, idadi ambazo kwa kawaida hupatikana katika sensa.

Ni mimi msomaji wako.