Faili za sheria zikaguliwe kabla ya kupakiwa

Mhariri,

Nawasihi mafundi wa mitandao hapa Kisumu wasipakie faili ya sheria za faiwoli (kinga inayochuja mawasiliano ya mtandao) kabla ya kuikagua. Kwenye Linux, amri nft -c -f husoma faili nzima bila kubadilisha chochote, kisha hutaja mstari wenye kosa. Itieni kwenye skripti: amri ikirudisha 0, yaani hakuna kosa, skripti ipakie faili; ikirudisha nambari nyingine, skripti isimame papo hapo. Bano lililosahauliwa kufungwa husumbua sana, maana kosa huweza kuonyeshwa mwishoni mwa faili, mbali na lilipoanzia. Faili ya sudoers, inayosema nani anaruhusiwa kutumia amri za msimamizi, nayo hukaguliwa kwa visudo -c -f.

Lakini ukaguzi huu hutazama kama sheria zimeandikwa sawa na zinakubalika, si kama ndizo unazozihitaji. Sheria inayofunga poti 22, ambayo kwa kawaida hutumiwa na SSH kuingia kwenye seva ukiwa mbali, itapita salama, na fundi anayehudumia seva ya Busia akiwa Kisumu atajifungia nje.

Fundi wa mifumo,
Kisumu