Barua kwa Wazazi na Walezi: Kufunga Muhula wa Pili, 2025

Ijumaa, 1 Agosti 2025

Wapendwa wazazi na walezi,

Salamu kutoka shuleni. Watoto wenu wanafunga leo na wanatarajiwa kurejea Jumatatu tarehe 25 Agosti. Kila mmoja amepewa ripoti yake mkononi ndani ya bahasha. Iulizieni mapema, kabla haijafuliwa pamoja na sare. Salio la karo limeandikwa mwisho wa ripoti, kwa hiyo sitalirudia hapa. Watahiniwa wa Kidato cha Nne wakirudi watakuwa wamebakisha wiki chache tu kabla ya KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari. Kwa kuwa mwaka huu hatuna Kidato cha Kwanza, bweni moja limekaa tupu na kelele zimepungua, na wapo walimu wanaosema ndiyo sababu matokeo yamepanda kidogo. Mimi nadhani ni watoto wenyewe waliojitahidi.

Nafasi iliyobaki nataka niitumie kwa jambo ambalo huenda mmelisikia nusunusu kutoka kwa watoto.

Tulifungua muhula huu tarehe 28 Aprili, siku mbili baada ya Baba Mtakatifu Francis kuzikwa mjini Roma. Asubuhi ile gwarideni niliwasimulia wanafunzi jinsi nilivyomsikia akizungumza na vijana katika uwanja wa michezo wa Kasarani, Nairobi, mwaka 2015. Nilipomaliza, kijana mmoja wa Kidato cha Tatu akainua mkono: “Mwalimu, si hayo yote yako YouTube? Kulikuwa na haja gani ya kwenda?” Walimu wenzangu walitaka kumnyamazisha. Nikawaomba wamwache, kwa sababu swali lilikuwa la haki, na jibu nililompa siku ile halikuniridhisha hata mimi. Tangu hapo baadhi yenu mmeliuliza kwa maneno mengine kwenye kundi letu la WhatsApp, kuhusu siku ya maombi ya watahiniwa: kwa nini msafiri kuja kusikiliza, badala ya kurekodiwa na kutumiwa? Basi nawajibu pamoja.

Ilikuwa Ijumaa, 27 Novemba 2015. Sikuwa mwalimu mkuu wakati huo. Nilifundisha Elimu ya Dini ya Kikristo katika shule nyingine na nilikuwa mlezi wa YCS, chama cha wanafunzi Wakatoliki. Shule zilikuwa zimefungwa, lakini wanafunzi 23 walitoka makwao tukakutana kwenye basi saa tisa usiku. Wanne kati yao hawakuwa Wakatoliki. Mmoja alikuwa Mwislamu, na baba yake alimruhusu kwa barua yenye sentensi moja: “Aende, asikie, arudi anieleze.” Sijawahi kupokea barua ya mzazi iliyonipendeza kuliko ile.

Niseme ukweli kuhusu tulichokiona. Tuliketi mbali mno. Baba Mtakatifu, aliyekuwa ametokea mtaa wa Kangemi asubuhi hiyohiyo, kwetu alikuwa kidoa cheupe. Aliye nyumbani mbele ya televisheni aliuona uso wake vizuri kuliko sisi, na kijana wangu wa Kidato cha Tatu ana haki kabisa katika hilo.

Mambo yalibadilika yalipoanza maswali. Binti mmoja na kijana mmoja walisimama mbele yake wakamuuliza yale ambayo watoto wetu huulizana bwenini taa zikizimwa: ukabila, ufisadi, vijana kuvutwa kwenye makundi yenye itikadi kali. Mwaka huo ndio watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi, na hakuna mtoto kwenye basi letu ambaye hakuijua namba hiyo. Baba Mtakatifu alikuwa na hotuba iliyoandikwa. Akaiweka kando, akaanza kujibu kwa Kihispania, mkalimani akimfuata kwa Kiingereza. Kwa hiyo pale tulipoketi vicheko vilikuja kwa awamu mbili: kwanza masista wachache waliojua Kihispania, kisha sisi wengine.

Kuhusu ufisadi, alisema ni kama sukari: ni tamu, tunaipenda, ni rahisi, lakini mwishowe nchi nzima inaugua kisukari. Akakiri kwamba hata Vatican upo. Safari ya kurudi, basi halikuwa na hadithi nyingine. Wanafunzi walianza kutajana, nani huwapa viranja kitu kidogo ili jina lake lifutwe kwenye orodha ya wapiga kelele, na bei yake ilikuwa nini. Nilijifanya nimelala, nikajifunza mengi.

Kuhusu ukabila, alisema ni kama mtu aliyeficha mikono mgongoni huku kila mkono umeshika jiwe la kumtupia mwenzake, na kwamba unashindwa kwa sikio, kwa moyo na kwa mkono. Halafu akaomba uwanja wote usimame, watu washikane mikono.

Hapa ndipo lilipo jibu langu. Mpaka dakika ile, karibu kila aliyekuwa na simu alikuwa akirekodi, nami nikiwa mmoja wao. Huwezi kushikana mikono na watu wawili huku umeshika simu. Ikabidi simu ziingie mifukoni, miavuli iwekwe chini, na begi langu la mikate nililibana kati ya miguu. Kushoto kwangu alikuwa mwanafunzi wangu. Kulia alikuwa mzee nisiyemjua, kiganja chake kigumu kama gome. Hatukuulizana majina. Picha zangu za siku ile zinakoma sekunde chache kabla ya hapo. Mwezi Aprili niliitafuta video, nikaipata sehemu hiyo: kamera inauonyesha uwanja, ni mzuri kweli, lakini sisi hatumo, na mkono wa mzee yule haumo.

Swali la mwisho ninalotaka kuwatajia lilihusu vijana ambao hawakupata upendo nyumbani. Alijibu kwamba aliyenyimwa ndiye ajitahidi kuwapa wengine kile ambacho yeye hakupewa. Aliyeonja upweke amsogelee aliye mpweke. Mvulana mmoja wa kundi letu aliyaandika maneno hayo kiganjani kwa kalamu, kwa kuwa daftari lilibaki kwenye basi. Nilikuwa nimemfundisha miaka mitatu bila kujua kwamba swali lile lilikuwa lake pia. Nalisema hili kwenu kama mwalimu aliyechelewa kujua.

Kulikuwa na mengine. Alitoa mfukoni rozari na njia ya msalaba ndogo, akaeleza kwamba huvibeba ili asikate tamaa, na wasichana wangu wakashangaa zaidi kwamba Papa ana mifuko. Wala sidai kwamba siku ile iliwageuza watoto kuwa malaika. Wawili kati ya wale 23 walisimamishwa masomo mwaka uliofuata, mmoja wao kwa kosa ambalo mpaka leo sipendi kulikumbuka.

Sasa kuhusu siku ya maombi ya watahiniwa. Itakuwa Jumamosi, 20 Septemba, saa nne asubuhi. Tumewaalika padre, mchungaji na imamu wanaofahamika kwa watoto. Nimewaomba waanze kwa kusikiliza maswali ya wanafunzi, na wasije na hotuba zilizoandikwa. Wawili wamekubali. Wa tatu ameniambia kwamba kwa umri wake hawezi kusema bila karatasi, nami nimemkubalia. Kijana wa Kidato cha Tatu aliyeniuliza lile swali ndiye atakayesimamia zoezi la maswali. Nilimpa kazi hiyo kama adhabu, lakini ameifurahia kupita kiasi. Wanafunzi wa dini zote watahudhuria, na mzazi asiyetaka mwanawe ashiriki aniandikie, hata kwa sentensi moja.

Shughuli haitarekodiwa wala kurushwa mubashara. Sanduku la simu litakuwa kwa mlinzi langoni, na kila mzazi atapewa namba yake. Wenye dharura za kazi wamwone naibu wangu.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu