Gemu za kutisha zisipimwe kwa mayowe

Mhariri,

Kila gemu mpya ya kutisha inapotoka, husifiwa kwa jambo moja: imewarusha watu vitini. Wanaojirekodi wakicheza hushindana kupiga mayowe, na baadhi ya vijana wetu wanaojifunza kutengeneza gemu hapa Nairobi wanaanza kuamini kuwa hiyo ndiyo kazi yenyewe. Naomba nafasi nipinge.

Kumshtua mtu ni rahisi mno. Acha kimya kitande, kisha utupe sura mbaya kwenye skrini pamoja na kelele. Mwili utaruka wenyewe, kama unavyoruka mlango ukibamizwa na upepo. Rudia mara chache, mchezaji ataanza kucheka. Hofu haizoeleki hivyo. Kadiri unavyojua kinachokungoja, ndivyo miguu inavyokuwa mizito.

Gemu ya Silent Hill ya mwaka 1999 ni mfano mzuri wa hofu hiyo. PlayStation ya wakati huo, mashine ya kuchezea gemu, haikuwa na nguvu ya kuchora kwa mpigo mji wote ambamo mchezo unatokea, hivyo watengenezaji wake, Konami, wakaufunika kwa ukungu. Mchezaji hupewa redio ndogo inayokwaruza zimwi linapokaribia, ila haimwambii liko wapi hasa. Umesimama barabarani, unaona hatua chache tu mbele, mkwaruzo unapanda. Tochi inaweza kukufichua. Ukiizima, huoni kitu. Hakuna lililokurukia bado, na viganja vimeshalowa jasho.

Watengenezaji Frictional Games wa Uswidi walikwenda mbali zaidi mwaka 2010. Katika Amnesia: The Dark Descent mchezaji hana silaha yoyote. Kuna mahali palipofurika maji, na kiumbe kilichomo hakionekani. Unaona maji tu yakirukaruka, yakikufuata. Unahama kutoka sanduku hadi sanduku, mpaka masanduku yanaisha na ni lazima ushuke majini. Kwangu huo ndio ufundi wenyewe, kwa sababu uamuzi wa kushuka ni wako.

Alien: Isolation ya 2014 nayo hukunyima hata pumziko la kuhifadhi mchezo. Unaingiza kadi kwenye kifaa ukutani na kungoja taa ziwake moja baada ya nyingine, huku jitu geni linalokuwinda likiweza kukujia kwa nyuma. Halielezwi ulipo. Sehemu nyingine ya programu hulidokezea tu eneo, kisha lenyewe hutafuta kwa macho na masikio, ndiyo maana huwezi kukariri njia yake.

Sisemi kushtua kusitumike. Mbwa wanaovunja madirisha katika Resident Evil ya 1996 walishtua wengi, lakini walifanya kazi kubwa zaidi baadaye: kila ukumbi wenye dirisha ukawa wa kuogopwa, tena ukiwa na risasi za kuhesabu. Mshtuko uliacha deni. Ule usioacha kitu ni kelele tu.

Nawasihi watengenezaji wetu wasinunue mazimwi yaliyochorwa tayari wakayapachika sauti ya mayowe. Stima zikipotea usiku katika ghorofa za mtaa wa Pipeline hapa Nairobi, tayari kuna ngazi zisizo na dirisha, simu yenye chaji kidogo, na mtu anayepanda nyuma yako bila kuwasha mwanga. Ukisimama, naye anasimama. Mpe mchezaji ngazi hizo, mwachie aamue kama ataendelea kupanda au atabisha mlango wa jirani asiyemjua, na usiharakishe kumwonyesha ni nani.

Nanyi waandishi mnaochambua gemu, mtueleze mchezaji anaweza kufanya nini akiogopa: je, anaweza kukimbia, kujificha, kuzima taa? Anapoteza nini akikosea? Na je, chumba kile kile bado kinamtisha akikirudia mara ya pili?

Msomaji wako,
Buruburu, Nairobi