Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Saa, Kaskazini na Mawimbi ya Rayleigh

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha zimo katika taarifa ya mhazini, nanyi mtazijadili wakati wake. Hapa nitaeleza kazi ya kitaalamu. Mwaka huu kamati ilielekeza nguvu zake kwenye jambo moja: kutumia mawimbi ya uso yatokanayo na matetemeko kupima ganda la dunia na manto ya juu, yaani tabaka la mwamba lililo chini ya ganda, chini ya Afrika Mashariki. Ndani ya jambo hilo tumesisitiza usafi wa data kuliko uzuri wa ramani. Ramani yenye rangi nyekundu na buluu huchorwa kwa alasiri moja, lakini saa ya kituo iliyopotoka mwaka mzima hairekebishiki kwa kuchora.

Kwa wanachama wapya, msingi ni huu. Wimbi la Rayleigh hutikisa ardhi juu na chini, mbele na nyuma. Wimbi la Love hutikisa ubavuni tu. Yote mawili hutambaa karibu na uso, na kadiri kipindi cha wimbi, yaani muda wa mtikiso mmoja kamili, kinavyorefuka ndivyo linavyogusa kina kikubwa zaidi. Kwa Rayleigh, kina linachokisikia zaidi ni takriban theluthi moja ya urefu wa wimbi. Wimbi la sekunde 20 likienda kilomita 3.5 kwa sekunde lina urefu wa kilomita 70, kwa hiyo habari zake nyingi ni za kilomita 20 na kitu, yaani ndani ya ganda. Wimbi la sekunde 100 likienda kilomita 4.1 kwa sekunde lina urefu wa kilomita 410, nalo linatuletea habari za kilomita 130 hivi, ndani kabisa ya manto. Tukipima kasi kipindi kwa kipindi tunapata mkunjo wa mtawanyiko, na kutoka kwenye mkunjo huo tunakokotoa kasi ya mawimbi ya S, yale yanayotikisa mwamba ubavuni kwa njia yao, kwa kina.

Kwa mafunzo ya mwaka huu tulichagua vituo viwili vya kudumu ambavyo data zake ziko wazi kwa wote: KMBO pale Kilima Mbogo, Kenya, na MBAR pale Mbarara, Uganda. Kati yake kuna takriban kilomita 725, na mstari unaoviunganisha unakata Bonde la Ufa na kupita eneo la Ziwa Victoria. Ukiurefusha mstari huo kuelekea mashariki, kuvuka Bahari ya Hindi, unafika kusini mwa Sumatra, karibu kabisa na lilipotokea tetemeko la Bengkulu la 12 Septemba 2007 lenye ukubwa wa 8.4. Si lazima kungoja tetemeko kubwa kiasi hicho. La ukubwa wa 6 kwenda juu, lenye kina kifupi, kutoka upande uleule, linatosha. Wimbi linapita KMBO kwanza, kisha MBAR, na tukitoa awamu (mahali wimbi lilipofika katika mzunguko wake) ya kituo kimoja kutoka kwa kingine, makosa ya chanzo na ya njia yote ya baharini yanafutana. Kinachobaki ni ardhi iliyo kati ya vituo viwili. Sharti ni kwamba tetemeko lisitoke nje ya mstari kwa zaidi ya digrii 3 hivi.

Hatua ni zilezile mnazozijua: kuondoa wastani na mwelekeo wa polepole wa data, kulainisha ncha za rekodi, kuondoa mwitikio wa kihisi, yaani jinsi kifaa chenyewe kinavyobadilisha mtikisiko kinapourekodi, kuchuja kipindi kimoja kimoja, ndipo kusoma awamu. Panapokwamisha wengi ni idadi ya mizunguko, kwa sababu awamu haisemi imezunguka mara ngapi. Kwa sekunde 20, safari ya KMBO hadi MBAR kwa kasi ya 3.5 ni sekunde 207. Ukikosea mzunguko mmoja unapata sekunde 187 au 227, yaani kasi ya 3.88 au 3.19, na zote mbili zinaweza kumdanganya mtu mwenye haraka. Kwa sekunde 100 hakuna utata: safari ni sekunde 177, na ukikosea mzunguko mmoja kasi inakuwa 9.4 au 2.6, ambazo hakuna atakayezikubali. Kwa hiyo tunaanzia vipindi virefu na kushuka polepole kuelekea vifupi, mkunjo ukiendelea bila kuruka. Anayeanzia sekunde 20 kwa kuwa mawimbi yake yanaonekana vizuri zaidi kwenye skrini anajitafutia taabu.

Sasa nije kwenye vituo vyenyewe, maana huko ndiko makosa mengi yanakozaliwa.

La kwanza ni saa. Kwa jozi ya vituo iliyoachana kilomita 200, wimbi la kilomita 4 kwa sekunde linatumia sekunde 50. Saa ikikosea sekunde 1, kasi inakosea asilimia 2, na tofauti tunazozitafuta kati ya kratoni, yaani kiini cha kale na kigumu cha bara, na Bonde la Ufa ni za asilimia chache tu. Antena ya GPS isifungwe chini ya bati wala chini ya mwembe, na waya wake upitishwe ndani ya bomba, kwa kuwa panya wanaupenda. Vifaa vya zamani vikaguliwe katika tarehe mbili: 31 Desemba 2016, ilipoongezwa sekunde ya nyongeza, na 6 Aprili 2019, hesabu ya wiki za GPS ilipoanza upya, maana kipokezi ambacho programu yake haikusasishwa kinaweza kurudisha tarehe nyuma kwa wiki 1,024. Kosa la saa hugunduliwa hata bila kwenda kituoni. Ukilinganisha kelele za vituo viwili, yaani mitikisiko midogo ya ardhi isiyokoma, kwa muda mrefu, mawimbi yanayokwenda na yanayorudi hutokea pande mbili za sifuri ya muda kwa umbali sawa. Yote mawili yakisogea upande mmoja, saa ya kituo kimojawapo imepotoka, na kiasi cha kusogea kinakwambia kwa sekunde ngapi.

La pili ni kaskazini. Kihisi kilichogeuzwa digrii 10 kinamwaga asilimia 17 ya wimbi la Love kwenye upande wa Rayleigh. Kipimo cha wima hakiathiriki, kwa hiyo kasi za Rayleigh za kituo kama hicho bado zinafaa. Za Love hazifai mpaka pembe isahihishwe. Kusahihisha kunawezekana kwa matetemeko yenyewe: sogeza rekodi ya wima kwa robo ya mzunguko, zungusha zile za mlalo digrii moja moja, na pale zinapofanana zaidi ndipo ulipo mwelekeo wa kweli. Fanya hivyo kwa matetemeko mengi ya pande mbalimbali, maana wimbi lenyewe linaweza kupinda njiani, hasa linapovuka pwani kutoka ganda jembamba la bahari kwenda ganda nene la bara.

La tatu ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote, nalo ni faili la mwitikio wa kihisi. Vituo vingi vya eneo letu vimebadilishiwa vihisi mara kwa mara, cha sekunde 30 (kipindi kirefu kabisa kinachokipima vizuri) kikatolewa, cha sekunde 120 kikawekwa, na karatasi ikabaki ya zamani. Kwa wimbi la sekunde 60, tofauti ya awamu kati ya vihisi hivyo viwili ni karibu digrii 93. Hiyo ni zaidi ya robo ya kipindi, sekunde 15 na ushei. Kosa hilo linatosha kuumba kwenye ramani bomba la moto chini ya mkoa ambao hauna lolote, na hakuna kichujio kitakacholiondoa. Dawa yake ni daftari la kituo: namba ya kihisi, tarehe na saa ya kukibadilisha, jina la aliyekibadilisha.

Kuhusu mashimo ya vihisi nitasema machache. Sakafu ya zege isigusane na kuta, kihisi kifunikwe kwa boksi la foam ili joto la mchana lisikifikie, na maji yawe na njia ya kutokea. Sakafu ikiinama hata kidogo mno, uvutano wa dunia unaingia kwenye vipimo vya mlalo, na mawimbi marefu ya Love yanapotelea humo.

Kwa ganda la juu, ambako vipindi vya sekunde 5 hadi 30 vinahitajika, wanachama wengi sasa wanatumia kelele za bahari badala ya kungoja matetemeko. Kanuni ya kuanzia ni jozi zilizoachana angalau urefu wa mawimbi matatu. Kwa sekunde 20 hiyo ni kilomita 210. Afrika ina tatizo lake la pekee: Ghuba ya Guinea hutoa mlio usiokoma wa sekunde 26. Kwa jozi kama KMBO na MBAR, iliyolala mashariki na magharibi, mlio huo unapita karibu na mstari wenyewe, kwa hiyo unaonekana upande mmoja lakini kwa wakati unaokaribia wa kweli. Kwa jozi iliyolala kaskazini na kusini unafika vituo vyote viwili karibu pamoja, na programu inasoma kasi ya ajabu. Kamati inapendekeza vipindi vya sekunde 25 hadi 27 visisomwe kwa jozi za aina hiyo.

Mwisho wa kazi ni kugeuza mkunjo kuwa kina. Mawimbi ya uso peke yake hayaoni mpaka wa ganda na manto kwa ukali. Ganda nene lenye kasi kubwa na ganda jembamba lenye kasi ndogo hutoa mkunjo unaokaribiana. Ndiyo maana wachunguzi waliotumia data ya vituo 20 vilivyowekwa Tanzania mwaka 1994 na 1995 waliunganisha mawimbi ya uso na mawimbi ya P (yale ya mgandamizo, yanayofika kwanza) yanayogeuka S chini ya kituo, wakapata ganda la kilomita 37 hadi 42 chini ya kratoni. Data hiyohiyo ilionyesha mwamba wenye kasi kubwa ukishuka hadi kilomita 150 hivi, na chini yake manto ya kasi ndogo. Matokeo yoyote ya wanachama yanayotofautiana na hayo yanakaribishwa, yakiambatana na daftari la kituo.

Mapendekezo mawili yanaletwa kwenu kupigiwa kura. Moja, hakuna ramani itakayotolewa kwa jina la chama bila jedwali la ukaguzi wa saa, pembe ya kaskazini na mwitikio kwa kila kituo kilichotumika. Mbili, zoezi la KMBO na MBAR liwe sharti la kwanza kwa kila mwanachama mpya wa kikundi cha mawimbi ya uso, akianza na rekodi ghafi hadi kasi za sekunde 20 mpaka 100. Fomu za ukaguzi ziko kwa katibu, na walinzi wa vituo wanaombwa kuzirudisha zikiwa na tarehe za mabadiliko yote ya vihisi, hata yale ya zamani yanayokumbukwa na fundi mmoja tu.