Historia ya Commonwealth Club isianzie jukwaani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nitoe maoni yangu kuhusu namna historia ya Commonwealth Club, klabu ya mijadala ya mambo ya umma mjini San Francisco, California, Marekani, inavyosimuliwa. Kila inapotajwa, msomaji huandikiwa majina ya wakubwa waliopanda jukwaani: Theodore Roosevelt mwaka 1911, Franklin Roosevelt mwaka 1932, Ronald Reagan na wengineo. Majina hayo ni ya kweli. Shida ni kwamba mgeni huzungumza kwa saa moja akaondoka, ilhali klabu ina zaidi ya miaka 120.

Edward F. Adams, mwandishi wa tahariri wa gazeti la San Francisco Chronicle, hakuwakusanya wenzake mwaka 1903 ili wapate mahali pa kusikiliza hotuba. Alitaka chombo cha kuchunguza mambo ya umma. Katika miongo ya mwanzo wanachama walijigawa katika vitengo, kila kitengo kikachukua suala moja, kikasikiliza pande zinazopingana, kisha kikaleta ripoti ambayo wanachama wote waliijadili na ambayo ilichapishwa pamoja na mjadala wenyewe. Kauli yao ilikuwa kutafuta ukweli wa mambo, na mimi binafsi naona kazi hiyo ya uvumilivu ndiyo fahari ya klabu kuliko picha yoyote ya rais akiwa kwenye kipaza sauti.

Hata hivyo, hapo hapo ndipo penye doa ambalo wasimulizi huliruka. Katika miaka ya 1920 mojawapo ya vitengo hivyo ilishughulikia yujeniksi, yaani fikra kwamba taifa liamue nani anafaa kuzaa na nani hafai. Haikuwa mada ya vitabuni tu, kwa sababu California ilikuwa na sheria ya kuwafunga watu kizazi tangu mwaka 1909, na hadi sheria hiyo ilipofutwa mwaka 1979 watu wapatao 20,000 walikuwa wamefanyiwa hivyo, wengi wao wakiwa wagonjwa wa akili na watu wengine waliowekwa katika taasisi za serikali. Wanachama hawakukosa takwimu wala wasomi. Waliokosekana ukumbini ni wale waliokuwa wakijadiliwa, na sijui ni ripoti gani ya kitaalamu ingeweza kuziba pengo hilo.

Wanawake nao walikaa nje kwa muda mrefu. Klabu ilianza kurusha mikutano yake redioni mwaka 1924, lakini haikuwapokea kuwa wanachama hadi mwaka 1971. Kwa miaka 47, basi, mwanamke aliweza kuisikiliza klabu akiwa nyumbani kwake bila kuwa na haki ya kuingia humo kama mwanachama. Kwa hiyo tunaposoma kwamba tarehe 23 Septemba 1932, katika Palace Hotel, mgombea urais Franklin Roosevelt alieleza kwa nini serikali iingilie kati pale mali na nguvu za uchumi zinaporundikana mikononi mwa wachache, tukumbuke pia ni nani waliokuwa na uanachama wa klabu iliyomwalika. Hotuba hiyo, iliyoandikwa kwa sehemu kubwa na mshauri wake Adolf Berle, inastahili sifa inazopewa. Ila uanachama wa klabu ni habari pia.

Tangu mwaka 2017 klabu ina jengo lake mwenyewe, namba 110 The Embarcadero, mbele ya bandari. Upande wa pili jengo hilo linatazama Steuart Street, na upande huo ndiko ilikokuwa ofisi ya chama cha wapakiaji wa meli wakati wa mgomo wa mwaka 1934. Tarehe 5 Julai mwaka huo polisi waliwafyatulia risasi wagomaji, wawili wakafa, na miili yao ikalazwa humo ili wenzao wapite kuiaga. Ningefurahi, Ndugu Mhariri, iwapo makala mtakayochapisha safari ijayo kuhusu klabu hii itamwingiza msomaji kwa kupitia Steuart Street.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi