Barua kwa mwanangu anayekaa benchi

Elisha mwanangu,

Mama yako ameniambia uliyomwambia kwenye simu, kwamba msimu ukiisha unarudisha glavu na jezi, hutaki ukipa tena. Mimi hukuniambia, na najua kwa nini. Mara ya mwisho tulipozungumza nilikujibu kwa ukali, nikasema mpira haulipi karo. Nisamehe. Nimetoka kazini alfajiri hii na bado sijalala, kwa sababu kuna mtu nataka nikueleze habari zake.

Kazi yangu unaijua. Mechi ya hoki ya barafuni ikiisha na watu wakaenda zao, ndipo sisi tunaingia na mafagio na mifuko. Juu, karibu na paa, imetundikwa namba 39. Miaka miwili nilipita chini yake bila kuuliza. Siku moja nikamuuliza mzee tunayefanya naye kazi, mzaliwa wa hapa mjini Buffalo. Akaweka fagio chini, akasimulia mpaka tukachelewa kumaliza safu zetu.

Ni namba ya Dominik Hašek, kipa aliyezaliwa mwaka 1965 katika mji wa Pardubice, Ucheki. Alipokuwa na miaka sita alipelekwa kujaribiwa kwenye hoki. Hakuwa na viatu vya kuteleza, alikuwa na vyuma tu vilivyofungwa kwenye soli za viatu vyake. Watoto wa miaka tisa hawakuwa na kipa, basi yeye kwa urefu wake akawekwa golini. Niliposoma hayo nilikukumbuka wewe kule kambini Nyarugusu, wakubwa walivyokusukumia golini kwa kuwa hakuna aliyetaka kuanguka kwenye vumbi. Jioni ulirudi na magoti yamechubuka, ukifurahi.

Mwaka 1983 timu ya Chicago ya NHL, ligi kubwa ya hoki ya Marekani na Kanada, ilimchagua katika uteuzi wa wachezaji chipukizi, lakini katika raundi ya 10, na habari zilimfikia baada ya miezi. Nchi yake wakati huo, Chekoslovakia, ilikuwa chini ya Wakomunisti, na mchezaji aliyetaka kucheza Marekani ilimbidi atoroke. Mambo ya mipaka hayo wewe na mimi hatuhitaji kufundishwa. Yeye alibaki. Akawa bingwa na Pardubice mwaka 1987 na 1989, na miaka mitano mfululizo alitajwa kipa bora wa nchi. Tena alisomea ualimu wa historia na lugha ya Kicheki, akafuzu. (Hapo ndipo mama yako aliponiambia, mwandikie hilo.)

Sasa sikiliza. Mtu huyo, kipa bora wa nchi yake mara tano, alifika Marekani mwaka 1990 akiwa na miaka 25, akawekwa benchi. Chicago walikuwa na kipa wao, Ed Belfour, tena hodari. Hašek alipelekwa mpaka timu ya chini, Indianapolis. Mwaka 1992 wakamwachia aje Buffalo, na huku nako akaletwa Grant Fuhr, jina kubwa, akatangulizwa mbele yake. Mpaka Fuhr alipoumia katika msimu wa 1993–94 ndipo Hašek alipopewa lango likawa lake. Msimu ule alifungwa wastani wa mabao 1.95 kwa mechi. Ilikuwa imepita miaka 20 bila kipa yeyote wa ligi ile kushuka chini ya mawili.

Aprili 27, 1994, Buffalo walicheza na New Jersey katika mechi za mtoano. Dakika 60 ziliisha bila bao, wakaongeza, wakaongeza tena, mpaka zikapita dakika 125, saa nane kasoro usiku. Hašek alizuia mikwaju 70. Sabini, Elisha, na hakupitisha hata mmoja! Wakashinda 1–0. Mechi iliyofuata walifungwa wakatolewa, na mzee wa kazini hata leo akifika hapo hunyamaza kidogo.

Uliniambia zamani kwamba kocha anasema unaanguka ovyo, huna mtindo. Tafuta video za Hašek uangalie. Alikuwa akijitupa chali, akiinua miguu, akiacha fimbo yake makusudi ili akamate kile kisahani cha mpira kwa mkono wa fimbo. Walimu wa ukipa hawakuwa wakifundisha hivyo. Mtu asiyeujua mchezo angedhani ameteleza. Lakini tazama macho yake, hayatoki kwenye kisahani. Wewe pia macho yako hayatoki kwenye mpira, nimekuona tangu una miaka saba.

Mwaka 1998 kwenye Olimpiki ya Nagano, Ucheki walitoka sare 1–1 na Kanada katika nusu fainali, wakaenda penalti. Wakanada watano walimjia mmoja mmoja: Fleury, Bourque, Nieuwendyk, Lindros, Shanahan. Wote watano walikosa. Katika fainali wakawafunga Warusi 1–0. Alikuwa na miaka 33. Mwaka huo akapewa kwa mara ya pili mfululizo tuzo ya mchezaji bora wa ligi nzima ya NHL, kipa wa kwanza kuipata mara mbili.

Sikwambii utakuwa kama yeye. Ninachokuomba ni kwamba usirudishe glavu kwa sababu ya benchi. Ukichoka kudaka kwenyewe, ukiamka asubuhi huna hamu, niambie, nitakuelewa na sitakugombeza. Lakini mama yako anasema ulilia ulipokuwa unamwambia.

Jumamosi ijayo nimeomba ruhusa kazini. Nitapanda basi la usiku, nitafika kabla ya mechi yenu. Nitakaa nyuma ya benchi lenu. Mama yako anakutumia sombe, tafuta mahali pa kuipasha moto.

Baba yako